Nyota zilizoiweka Kabambare kwenye ramani

Kiangazi kinapoingia huku kwetu, usiku unakuwa na baridi, mawingu yanapungua na mbingu inafunguka. Ndipo simu zinapoanza kuingia redioni. Familia zilizokimbia vijiji vyao, zinazoota moto nje kwa sababu nyumba za wenyeji wao zimejaa, zinauliza jambo moja: ile taa kubwa isiyopepesa, inayosimama juu ya miti, ni nini? Ni drone? Ni ndege ya kutupeleleza?

Swali hilo halistahili kuchekwa. Mtu aliyekimbia risasi usiku ana haki ya kuogopa taa yoyote asiyoijua. Basi nijibu kwanza. Ndege hupita na kupotea, na taa zake huwaka na kuzimika. Drone huenda huku na huku, na ikiwa karibu utasikia mlio wake. Lakini taa inayokaa kimya, ikasogea polepole kuelekea magharibi pamoja na nyota nyingine, na kesho ukaikuta karibu mahali palepale saa ileile, hiyo ni sayari. Mara nyingi ni Zuhura au Mshtarii. Haipelelezi mtu.

Swali hilo lina historia ndefu hapa Kabambare kuliko wengi wanavyodhani. Zaidi ya miaka 150 iliyopita wageni walikuja katika njia zetu wakiwa na darubini, saa na vioo vya kupimia, wakitazama mbingu hiihii usiku ili wajue wako wapi duniani. Walichopima, na walichoshindwa kupima, kimeingia katika ramani tunazotumia hadi leo.

Majina yaliyokuja na misafara

Sayari tano huonekana kwa macho matupu, na zote zina majina ya Kiswahili: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zuhali. Majina hayo yana asili ya Kiarabu. Yalikaa pwani kwa mabaharia na kwa masheikh waliohesabu miezi na nyakati za sala, kisha yakapanda bara kwa njia ileile iliyoleta lugha tunayosema: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kuvuka Ziwa Tanganyika, Kabambare, Kasongo, hadi Nyangwe kwenye mto Lualaba.

Tusifiche kwamba njia hiyohiyo ilibeba pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kiswahili chetu, misikiti ya Kasongo, mchele wetu na uchungu wa utumwa vilipita barabara moja. Anayetaka kusimulia historia ya Maniema hawezi kuchagua kimoja na kuacha kingine.

Wakulima nao walikuwa na mbingu yao kabla ya msafara wowote. Lile kundi dogo la nyota zilizobanana, ambalo watu wa pwani huliita Kilimia, jina lake linatokana na kulima. Linapotea jioni upande wa magharibi kuelekea mwezi wa tano, kisha linarudi alfajiri upande wa mashariki mwezi wa sita. Katika sehemu nyingi za Afrika, wazee walilitazama kabla ya kushika jembe. Ukiwa bado na babu au bibi, muulize walikuwa wakiliitaje kwa lugha ya nyumbani, na uliandike jina hilo.

Darubini ndogo, saa kubwa

Tukitazama Mshtarii kwa macho tunaona nukta moja yenye mwanga mweupe. Ukiitazama kwa darubini, hata ile ya macho mawili ambayo baadhi ya wawindaji na walinzi wa mbuga wanayo, ukaiegemeza vizuri kwenye ukuta au kwenye panda la mti, utaona nukta ndogo zimejipanga kando yake kama shanga kwenye uzi. Hiyo ni miezi yake minne mikubwa. Galileo, Mwitaliano, aliiona kwa mara ya kwanza mwezi wa kwanza wa mwaka 1610. Ukirudi kesho usiku, shanga zimebadilisha nafasi. Moja imepita upande wa pili, nyingine imejificha.

Wataalamu waliona haraka kwamba hiyo ni saa. Mwezi ulio karibu zaidi na Mshtarii, unaoitwa Io, huizunguka sayari kwa saa 42 na nusu hivi, na kila mzunguko huingia katika kivuli chake na kuzimika. Kuzimika huko huonekana kwa wakati mmoja na kila mtu duniani ambaye kwake ni usiku na Mshtarii iko juu. Kwa hiyo ukiwa na kitabu kinachosema kwamba Io itazimika saa fulani kwa saa ya Greenwich, kule Uingereza, na wewe ukaiona inazimika mbele ya macho yako, umepata saa ya Greenwich bila kutumiwa ujumbe na mtu. Waingereza walianza kuchapisha kitabu cha namna hiyo kwa ajili ya mabaharia wao kuanzia mwaka 1767.

Kwa nini mtu aliye msituni Maniema ahangaike na saa ya Uingereza? Kwa sababu dunia inajizungusha digrii 360 kwa saa 24, yaani digrii 15 kila saa, au digrii 1 kila dakika 4. Ukijua saa ya hapo ulipo kwa kutazama jua au nyota, na ukajua saa ya Greenwich wakati huohuo, tofauti ya saa hizo mbili inakwambia uko mbali kiasi gani mashariki au magharibi.

Tupige hesabu yetu wenyewe. Kabambare iko kwenye digrii 27 na dakika kama 43 mashariki mwa Greenwich. Hiyo ni tofauti ya saa 1 na dakika 51. Ndiyo maana saa zetu za mkononi, ambazo kwa amri ya serikali ziko saa 2 kamili mbele ya Greenwich, zinatangulia jua la Kabambare kwa kama dakika 9 kwa wastani. Kasongo iko magharibi yetu, kwenye digrii 26 na dakika kama 40. Kati ya jua la Kabambare na jua la Kasongo kuna dakika 4 na kidogo tu. Huku karibu na ikweta, dakika 4 za saa ni kilomita 111 hivi.

Maana yake ni hii: msafiri ambaye saa yake imekosea kwa dakika 4 angeweza kusimama sokoni Kabambare na kujiandika kwenye ramani kuwa yuko Kasongo.

Kabambare, 1869 hadi 1871

Sasa tuje kwa mgeni ambaye jambo hilo lilimtesa. Daktari David Livingstone, Mskoti, mmisionari na mtafiti, alitoka Ujiji mwezi wa saba wa mwaka 1869, akavuka Tanganyika na kufika hapa tarehe 21 Septemba 1869. Kwenye daftari zake aliandika "Bambarre". Alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile. Alikuwa amesikia kuhusu mto mkubwa, Lualaba, unaokwenda kaskazini, na moyoni alitaka uwe ndio Nile.

Livingstone hakuwa mjinga wa nyota. Mwaka 1852, huko Cape Town, alifundishwa vizuri kazi hiyo na Thomas Maclear, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota. Alijua kupima urefu wa nyota kutoka upeo wa macho kwa chombo cha vioo kinachoitwa sekstanti. Baharini upeo ni mstari wa maji. Msituni hakuna mstari huo, kwa hiyo msafiri alimwaga zebaki ndani ya kisahani, akasubiri itulie kama kioo, kisha akapima pembe kati ya nyota ya angani na kivuli chake ndani ya zebaki, na kuigawa kwa mbili. Upepo ukivuma, kivuli kinatikisika. Wingu likipita, kazi ya saa nzima imeharibika.

Kwa njia hiyo mtu hupata latitudo, yaani yuko kaskazini au kusini kiasi gani. Hilo ndilo jambo rahisi, kwani halihitaji saa nzuri. Sisi tuko digrii 4 na dakika kama 42 kusini mwa ikweta, na sekstanti ikishikwa na mkono uliotulia hutoa jibu hilo vizuri.

Ugumu ulikuwa mashariki na magharibi. Livingstone alibeba saa maalumu za kutunza saa ya Greenwich. Njiani mwaka 1867 mbebaji alianguka nazo, mwendo wa saa ukabadilika na vipimo vyake vikaharibika. Alipokuwa huku Maniema, zote zilikuwa zimekufa.

Ilibaki njia ya mwezi wetu wenyewe. Kila saa moja mwezi husogea kati ya nyota kwa kiasi kama cha upana wake. Ukipima umbali wake kutoka kwenye nyota fulani au sayari, kisha ukaingia kwenye kitabu cha hesabu, unapata saa ya Greenwich. Lakini njia hiyo haina huruma. Ukikosea pembe kwa sehemu moja tu ya thelathini ya upana wa mwezi, kosa linakuwa la dakika 2 za saa, na kwenye ramani ni zaidi ya kilomita 50. Mtu mwenye homa anayetetemeka atapimaje? Kwa hiyo kwa sehemu kubwa ya safari yake ya Maniema alikadiria tu: tumetembea saa ngapi, kwa mwendo gani, upande gani.

Aliugua kweli. Tarehe 22 Julai 1870 alirudi hapa kutoka safari ya kaskazini akiwa na vidonda vya miguu vilivyokataa kupona. Watu wengi aliokuja nao walikuwa wamemwacha. Waliobaki naye walikuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner. Alikaa Kabambare hadi tarehe 16 Februari 1871, karibu miezi saba, na sehemu kubwa ya siku hizo hakuweza kutembea. Karatasi zilimwishia. Wino ulimwishia pia, akatumia maji ya matunda ya huku na kuandika juu ya magazeti ya zamani. Barua aliyoiandika hapa tarehe 5 Februari 1871 kwa rafiki yake Horace Waller ilififia mno. Ilisomeka vizuri tena mwaka 2010 tu, baada ya wataalamu kuipiga picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali.

Hata hesabu ya siku ilimpotea. Alipokutana na Henry Morton Stanley kule Ujiji baadaye mwaka huohuo wa 1871, hesabu yake ilisema ni mwisho wa mwezi wa kumi, ya Stanley ilisema ni tarehe 10 Novemba. Watu wawili walisimama mahali pamoja wakipeana mikono, na hawakuwa na tarehe moja.

Mtumbwi ulionyimwa

Vitabu vingi vinasimulia habari hizi kana kwamba wenyeji walikuwa miti tu kando ya njia. Tuangalie tena.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1869 Livingstone alitoka hapa kwenda mto Luama, mto wetu unaoingia Lualaba. Alitaka kununua mtumbwi ashuke nao. Watu wa mtoni walikataa. Walikuwa wameshaonja risasi na wizi wa watu wa misafara, na mgeni huyu alikuja kwa njia ya misafara, akila chakula chao na kulala kambini kwao. Wangemtofautishaje? Alirudi mikono mitupu. Mwaka 1871, Nyangwe, alikataliwa tena mitumbwi, na Lualaba hakuwahi kuushuka.

Kule Nyangwe ndiko alikoshuhudia jambo alilolibeba hadi kufa. Tarehe 15 Julai 1871, kwa hesabu yake, watu wa wafanyabiashara wa misafara waliwafyatulia risasi watu waliokuja sokoni, wengi wao wanawake. Wengi walijitupa mtoni na kuzama. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Livingstone aliondoka siku chache baadaye kurudi Ujiji. Habari hiyo ilipofika Ulaya ilitia nguvu vita dhidi ya biashara ya watumwa, na soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Wale wanawake wa sokoni hatuna hata jina lao moja. Tunajua digrii za Nyangwe, tunajua kina cha mto, lakini hatujui majina ya waliokufa. Ninaomba kila familia iliyohama isome sentensi hiyo mara mbili.

Vyombo vilirudi bila mwenyewe

Livingstone alifariki mwezi wa tano wa mwaka 1873, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia. Chuma na Susi, wale waliokaa naye Kabambare, waliongoza wenzao kuubeba mwili wake hadi pwani, mwendo wa miezi mingi. Walipofika karibu na Tabora mwezi wa kumi wa mwaka 1873 walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, ambaye alikuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Alikuwa amechelewa. Cameron alichukua vyombo vya kupimia vya marehemu, akaendelea navyo magharibi.

Mwezi wa nane wa mwaka 1874 alifika Nyangwe. Alipima nyota, akachemsha maji ili kujua urefu wa nchi kutoka usawa wa bahari, kwa maana kadiri unavyopanda juu ndivyo maji yanavyochemka kwa joto dogo zaidi. Alipima pia maji ya mto. Jibu lilikuwa wazi. Lualaba huko Nyangwe ni wa chini kuliko Nile huko Gondokoro, Sudan ya Kusini ya leo, na maji hayapandi mlima. Tena maji ya Lualaba yalikuwa zaidi ya mara tano ya yale ya Nile hapo Gondokoro. Mto wetu haungeweza kuwa Nile. Ni Kongo.

Cameron naye alinyimwa mitumbwi ya kushuka mto. Hamed bin Muhammed, Tippu Tip, ambaye baadaye alifanya Kasongo kuwa makao yake, alimpeleka kusini, naye akatokea pwani ya Angola mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1875. Kuushuka mto kulibaki kwa Stanley, ambaye aliondoka Nyangwe mwezi wa kumi na moja wa mwaka 1876 akisindikizwa na Tippu Tip sehemu ya kwanza, na kufika Boma tarehe 9 Agosti 1877. Baada ya hapo hakukuwa na ubishi.

Mistari juu ya vichwa vya watu

Kutoka hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1885 mfalme Leopold wa Ubelgiji alitangaza mipaka ya nchi aliyoiita Dola Huru la Kongo. Upande wa mashariki, sehemu ya mpaka iliandikwa kwamba itafuata mstari wa digrii 30 mashariki mwa Greenwich. Mstari huo hauonekani ardhini. Si mto, si mlima. Ni hesabu ya saa na nyota, iliyochorwa mezani Ulaya kabla ya mtu kupima vizuri Ziwa Kivu liko wapi.

Ramani ilipoanza kupimwa sawasawa, ikagundulika kwamba maziwa na milima haviko pale vilipodhaniwa. Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza wakagombea Kivu na volkano, hadi walipokubaliana Brussels mwaka 1910. Watu wa pande zote za mistari hiyo hawakuitwa mezani. Kila mtu wa mashariki mwa Kongo anajua kwamba mabishano ya mipaka na ya nani ni mwenyeji wa wapi hayakuisha mwaka huo.

Hapa Maniema utawala mpya ulikuja na bunduki. Majeshi ya Leopold yaliingia Nyangwe mwezi wa tatu wa mwaka 1893, Kasongo mwezi wa nne, na Kabambare mwezi wa kwanza wa mwaka 1894. Wale waliokuwa wamekimbia misafara ya watumwa walijikuta chini ya bwana mwingine, wakilazimishwa kazi nyingine. Kukimbia na kurudi si jambo lililoanza na kizazi chetu.

Leo saa iko mfukoni

Kilichomshinda Livingstone katika kibanda chake hapa Kabambare, leo simu ndogo inakifanya kwa dakika chache. Simu yenye GPS inapokea saa kutoka kwenye satelaiti zinazozunguka dunia, zenye saa za usahihi mkubwa mno. Kwa kulinganisha saa hizo inajua iko wapi. Kanuni haijabadilika: ukijua saa kwa hakika, unajua mahali. Na kwa kupata namba hizo haihitaji intaneti wala krediti, inahitaji betri na mbingu wazi.

Lakini simu haijui jina. Itakupa digrii na dakika, haitakwambia kwamba kilima kile ni cha makaburi ya ukoo fulani, wala kwamba kijito kile ndicho kinachogawa mashamba ya ndugu wawili. Jina linakaa kwa watu, na watu wakihama jina linahama nao. Redioni tunaliona kila siku tunaposoma matangazo ya kutafuta ndugu. Mtu anasema anatoka kijiji fulani upande wa Salamabila, na kumbe vijiji vyenye jina hilo viko viwili au vitatu, na vingine vimebadilisha jina tangu chefu wa zamani afariki. Tangazo linasomwa, ndugu hapatikani. Zamani tulikuwa na majina bila digrii. Tukilala, watoto wetu watakuwa na digrii bila majina.

Kwa hiyo nina ombi kwa familia zilizohama, mkiwa Kabambare, Kasongo, Kindu au popote. Chukueni daftari la shule la kawaida. Mwandikeni mambo haya huku wazee wakiwa bado hai: jina la kijiji chenu na majina yake ya zamani, lokalite na usultani wake, mto au kijito kilicho karibu, vijiji vinne vinavyopakana nacho, mmoja kwa kila upande wa dunia, mahali pa makaburi, jina la aliyekianzisha, kama linajulikana. Siku mtakapofika huko kwa usalama, au mtu wenu anayeaminika akifika, aongeze namba za GPS. Mwandike nakala mbili na kuzihifadhi nyumba mbili tofauti. Lakini msizirushe kwenye makundi ya WhatsApp, maana si kila anayesoma ana nia njema.

Na kwa wale wanaotaka tu kutazama mbingu usiku wa kiangazi, Kabambare ni mahali pazuri kuliko miji mingi mikubwa. Hatuna taa za barabarani za kuficha nyota. Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo sayari hupita juu sana, karibu na utosi, wakati huko Ulaya mara nyingi hupita chini karibu na paa za nyumba. Kinachotusumbua ni moshi wa majani yanayochomwa mwishoni mwa kiangazi. Mvua ya kwanza ikinyesha, anga inaoshwa na nyota zinang'aa zaidi.

Tazameni kwa akili. Mtu anayesimama gizani na darubini karibu na kizuizi cha askari anaweza kufikiriwa vibaya. Mwambieni kwanza chefu wa mtaa, na mkae uani kwenu pamoja na majirani. Msielekeze darubini kwenye jua hata mara moja, kwani jicho likiungua halirudi. Anzeni na mwezi ukiwa nusu, mtaona mashimo na milima yake. Kisha tafuteni Mshtarii na miezi yake minne. Mwenye darubini kubwa kidogo, ya kukuza mara 30 hivi, ataona pete ya Zuhali.

Watoto wakiuliza ni kitu gani kile, waambieni jina lake. Mshtarii hutumia karibu miaka 12 kuzunguka jua. Tangu mzee yule mgonjwa aondoke Kabambare mwezi wa pili wa mwaka 1871, imezunguka mara 13 hivi. Waambieni pia jina la kijiji chao, la kijito chao, na vijiji vinne vinavyokizunguka. Mtoto anayejua hayo, siku atakapoulizwa anatoka wapi, atakuwa na la kujibu.